Tuangalie Neno Dogo Lenye Sharti

Mazungumzo kwa wanakisomo wa Dodoma wanaojifunza Kiingereza



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya sentensi za Kiingereza. Najua wako wenzetu watakaouliza: "Sisi ni wakulima wa mtama na uwele. Sisi ni wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Kiingereza cha nini?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwanza, kisha tuingie kwenye kazi yenyewe.

Nyumbani tunasema Kigogo, Kirangi, Kisandawe na lugha nyingine za wazee wetu. Kisomo tumekipata kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge letu, ambalo hukaa hapa hapa Dodoma, lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jambo la heshima. Lakini Kiingereza hakijaondoka kijijini. Kipo kwenye chupa ya dawa ya mizabibu. Kipo kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe. Kinaweza kuwapo kwenye karatasi ya mnunuzi aliyetoka mbali kutafuta mahindi Kibaigwa. Na watoto wetu wanaosoma sekondari wanafundishwa masomo mengi kwa lugha hiyo.

Basi Kiingereza kimekuja mpaka mlangoni. Afadhali tukijue kinachosema.

Msomaji anaweza kuelewa kinyume

Kusoma neno moja moja si kazi kubwa kwetu sasa. Tatizo ni hili: mtu anaweza kulijua karibu kila neno, akaimaliza sentensi, na bado akaelewa kinyume. Tutazame mfano. Mkulima wa zabibu amepulizia dawa shambani. Kwenye chupa pameandikwa:

"Do not pick the grapes until fourteen days have passed."

Mkulima huyu anajua kwamba "grapes" ni zabibu. Anajua "pick" ni kuchuma, "fourteen" ni 14 na "days" ni siku. Anajua "do not" ni kukataza. Neno asilolijua ni moja tu, nalo ni "until". Basi anajisomea hivi: "Usichume zabibu siku 14 zikipita." Anasema moyoni, "Kumbe natakiwa niharakishe kabla ya siku 14 kwisha." Kesho yake anachukua kisu na matenga.

Lakini sentensi ile inasema hivi: usichume zabibu mpaka siku 14 zipite. Yaani subiri kwanza. Dawa ipungue nguvu ndipo uchume. Mkulima wetu amechuma zabibu zenye dawa mbichi. Atazipeleka sokoni, na watoto watazila. Neno moja dogo limemshinda, nalo ndilo lililobeba sharti lote.

Kila dawa ina idadi yake ya siku. Siku 14 ni mfano wangu tu. Soma chupa yako mwenyewe. Na kama chupa ina maandishi ya Kiswahili, soma hayo kwanza.

Kishazi tegemezi ni nini?

Wote mnaujua mzabibu. Mzabibu hausimami wenyewe. Tunauwekea nguzo na waya ili uegemee. Nguzo ikiondolewa, mzabibu unalala chini.

Katika sentensi pia mna nguzo na mna mzabibu. Sikilizeni sentensi hii:

"Tulipanda Januari kwa sababu mvua ilichelewa."

Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni "Tulipanda Januari." Hiyo inaweza kusimama peke yake, na mtu akatuelewa. Hiyo ndiyo nguzo. Walimu huiita kishazi huru. Sehemu ya pili ni "kwa sababu mvua ilichelewa." Mtu akija hapa akasema maneno hayo tu, kisha akanyamaza, tutamwuliza: "Kwa sababu mvua ilichelewa, ikawaje?" Sehemu hiyo haijitoshelezi. Inategemea nyingine. Kwa hiyo huitwa kishazi tegemezi.

Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni: "We planted in January because the rain was late." Neno "because" ndilo linaloanzisha kishazi tegemezi.

Sasa shikeni jambo moja, hata kama mtasahau mengine yote. Mara nyingi sharti hukaa kwenye kishazi tegemezi. Lini, kwa nini, kama nini kikitokea, mpaka lini, nani hasa: mambo hayo yote hukaa huko. Kishazi huru husema "utalipwa". Kishazi tegemezi husema utalipwa lini.

Kiswahili huficha, Kiingereza hutanguliza

Kwa nini kishazi tegemezi cha Kiingereza hutusumbua? Ni kwa sababu tumezoea kukitafuta mahali pengine. Katika Kiswahili, mara nyingi alama yake imo ndani ya kitendo. Tazameni:

"Mvua ikinyesha, tutapanda." Alama ni "ki", nayo imejificha ndani ya "ikinyesha". Kiingereza husema: "If it rains, we will plant."

"Nilipofika, mkutano ulikuwa umekwisha." Alama ni "po". Kiingereza husema: "When I arrived, the meeting had ended."

"Asipolipa, usimpe mahindi." Alama ni "sipo". Kiingereza husema: "If he does not pay, do not give him the maize."

"Mama aliyenunua mbuzi ameondoka." Alama ni "ye". Kiingereza husema: "The woman who bought the goat has left."

Mmeona tofauti? Sisi alama tumeitia tumboni mwa kitendo. Mwingereza ameitoa nje, akaifanya neno kamili, akaliweka mbele ya kishazi chake. Basi unaposoma Kiingereza, usiitafute alama ndani ya kitendo. Tafuta neno dogo lililosimama mbele.

Maneno ya kukariri

Maneno hayo ni mengi, lakini haya yanatosha kwa kuanzia. Nitasema jinsi yanavyosomwa, kwa sababu Kiingereza hakisomwi kama kilivyoandikwa.

"If" husomwa "if". Maana yake ni kama, au ikiwa.

"When" husomwa "wen". Maana yake ni wakati ambapo.

"Because" husomwa "bikoz". Maana yake ni kwa sababu.

"Before" husomwa "bifoo". Maana yake ni kabla.

"After" husomwa "afta". Maana yake ni baada ya.

"Until" husomwa "antil". Maana yake ni mpaka.

"Unless" husomwa "anles". Maana yake ni isipokuwa kama.

"Although" husomwa "oldho". Maana yake ni ingawa.

"Who" husomwa "huu". Hutumika kwa watu, kama "ye" katika "aliyekuja".

"Which" husomwa "wich". Hutumika kwa vitu na wanyama.

Yaandikeni kwenye madaftari. Kariri mawili kila siku. Siku tano zikipita utakuwa umeyamaliza.

Makosa matano yetu sote

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kusoma. Sasa tuzungumze juu ya kuandika. Yapo makosa matano ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili huyafanya mara kwa mara. Chanzo chake si ujinga. Tunachukua desturi ya Kiswahili, ambayo ni sahihi kwake, tukaipeleka mahali isikotumika.

Kosa la kwanza ni kukiacha kishazi tegemezi peke yake. Mtu huandika: "Because the rain was late." Kisha huweka nukta. Huo ni mzabibu usio na nguzo. Uupe nguzo yake: "Because the rain was late, we planted in January." Hapa kuna na kanuni ya mkato. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato kinapokwisha. Kikija nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "We planted in January because the rain was late."

Kosa la pili ni kutumia viungo viwili. Kiswahili hukubali: "Ingawa ni mzee, lakini anasoma." Hakuna anayeshangaa. Basi tunaandika: "Although he is old, but he studies." Kiingereza hukataa. Jembe moja halitiwi mipini miwili. Ukitumia "although", acha "but". Andika: "Although he is old, he studies." Au tumia "but" peke yake: "He is old, but he studies."

Kosa la tatu ni kumtaja mtu au kitu mara mbili. Sisi husema: "Ng'ombe niliyemnunua anaumwa." Ndani ya "niliyemnunua" mna "ye", na mna "m". Zote mbili ni ng'ombe yule yule. Basi mtu huandika: "The cow which I bought it is sick." Neno "it" hapo limezidi, kwa sababu "which" imekwisha mtaja ng'ombe. Andika: "The cow which I bought is sick."

Kosa la nne ni wakati ujao. Sisi husema: "Mnunuzi atakapokuja, tutapima mahindi." "Ta" ipo pande zote mbili. Basi tunaandika: "When the buyer will come, we will weigh the maize." Kiingereza hutaka "will" iwe kwenye nguzo tu. Andika: "When the buyer comes, we will weigh the maize." Kanuni hiyo hiyo hufuatwa baada ya "before", "after", "until", na "if" ya sharti.

Kosa la tano ndilo la hatari zaidi. Ni neno "unless". Neno hili lina ukanushaji ndani yake. Limekwisha kusema "isipokuwa". Ukiliongezea "not" unaligeuza juu chini. Sikilizeni:

"Do not give him the maize unless he pays." Maana yake: usimpe mahindi isipokuwa kama analipa. Hiyo ni sawa.

"Do not give him the maize unless he does not pay." Maana yake: usimpe mahindi isipokuwa kama halipi. Yaani akilipa mnyime, asipolipa mpe! Nani atafanya biashara ya namna hiyo? Lakini ndivyo sentensi inavyosema, na karatasi haina macho ya kuona ulivyokusudia.

Karatasi ya mnunuzi

Twende sasa Kibaigwa, wilayani Kongwa, penye soko kubwa la mahindi. Chukueni sentensi mbili hizi, kama zingeandikwa kwenye mapatano ya kuuziana.

"The buyer will pay before he takes the maize."

"The buyer will pay after he sells the maize."

Nguzo ya sentensi zote mbili ni moja: "The buyer will pay." Mnunuzi atalipa. Mkulima akiishia hapo, atafurahi kwa zote mbili. Lakini tazama nusu ya pili. Ya kwanza inasema mnunuzi atalipa kabla ya kuchukua mahindi. Fedha mkononi, gunia mgongoni. Ya pili inasema atalipa baada ya yeye kuyauza mahindi. Atayauza lini? Haikusemwa. Atayauza wapi? Haikusemwa. Asipoyauza je? Mkulima atakaa na njaa akisubiri, huku amekwisha kutia sahihi.

Ndugu zangu, karatasi ya lugha ngeni si jambo jipya katika nchi hii. Wala halikutokea mbali na sisi. Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani, alifika Usagara, upande wa mashariki ya Mpwapwa. Huko Mangungo, chifu wa Msovero, alitia alama yake kwenye mkataba. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua kuisoma. Ndani yake nchi yake ilitolewa kwa chama cha Wajerumani. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alikipa chama hicho hati ya ulinzi. Ndivyo utawala wa Wajerumani ulivyoanza katika nchi yetu.

Kosa halikuwa la Mangungo. Ulaghai ulikuwa wa aliyeileta karatasi. Lakini sisi tumepata kisomo alichokosa yeye. Tukitia sahihi bila kuelewa, wajukuu watatuuliza.

Njia ya kusoma sentensi ndefu

Ukikutana na sentensi ndefu ya Kiingereza, fanya hivi.

Kwanza, chukua kalamu ya risasi, utafute neno dogo: "if", "when", "until", "unless" na wenzake. Lizungushie duara.

Pili, igawe sentensi mahali hapo. Piga mstari chini ya nguzo, yaani ile sehemu inayoweza kusimama peke yake.

Tatu, fasiri kila nusu peke yake kwa Kiswahili. Usifasiri yote kwa pamoja.

Nne, jiulize: jambo gani litatangulia, na lipi litafuata? Nani atafanya nini kwanza?

Tano, usipoelewa, uliza. Muulize mwalimu wa kisomo. Muulize bwana shamba au bwana mifugo. Muulize mwanao aliyeko sekondari. Mzazi kumwuliza mtoto si aibu, maana mtoto huyo umemlea wewe kwa jasho lako. Ikiwa ni karatasi ya mapatano, dai iandikwe kwa Kiswahili. Mtu mwenye nia njema hatakataa. Akikataa, umekwisha kumjua.

Na kalamu ikae mfukoni mpaka umeelewa.

Zoezi

Sasa tufanye kazi kidogo. Someni sentensi hizi katika vikundi vyenu. Tafuteni neno dogo, mgawe sentensi, kisha mseme maana yake.

1. "Do not spray when the wind is strong."

2. "Wash your hands before you eat."

3. "Do not sell the milk until seven days have passed."

4. "The man who brought the medicine will come on Monday."

5. "You will lose the deposit unless you pay by June."

Msitazame majibu kwanza. Jaribuni wenyewe, mbishane kidogo. Kubishana juu ya sentensi hakuvunji udugu.

Majibu ni haya. Sentensi ya kwanza: usipulizie dawa wakati upepo ni mkali. Neno dogo ni "when". Ukiikatia mbele ya "when" utadhani umekatazwa kupulizia dawa kabisa.

Sentensi ya pili: nawa mikono kabla hujala. Neno dogo ni "before". Atakayeisoma kama "after" atanawa akiwa amekwisha kula sumu.

Sentensi ya tatu: usiuze maziwa mpaka siku saba zipite. Neno dogo ni "until". Maneno ya namna hii huhusu ng'ombe aliyepewa dawa, kwa sababu dawa huingia kwenye maziwa. Hapa pia siku saba ni mfano. Fuata chupa yako.

Sentensi ya nne: mtu aliyeleta dawa atakuja Jumatatu. Neno dogo ni "who". Angalieni kwamba kishazi tegemezi hapa kimekaa katikati. Nguzo yake imegawanyika: "The man" iko mwanzo, na "will come on Monday" iko mwisho. Ukikiondoa kilichomo katikati, nguzo inabaki nzima.

Sentensi ya tano: utapoteza fedha uliyotanguliza usipolipa hadi mwezi wa Juni. Neno dogo ni "unless". Mkumbuke kwamba limekwisha beba ukanushaji, ndiyo maana kwa Kiswahili tumetumia "usipolipa". Mtu akisoma "unless you pay" akadhani ni "if you pay", ataogopa kulipa, na kwa kuogopa huko fedha yake itapotea kweli.

Nyumbani kila mmoja aandike sentensi tano za Kiingereza juu ya shamba lake au mifugo yake. Moja iwe na "because", moja "when", moja "until", moja "unless", na moja "who" au "which". Mzilete darasani wiki ijayo, msomeane, msahihishane. Na mwenye chupa ya dawa nyumbani anakili sentensi moja ya chupa hiyo, tuichambue pamoja. Chupa yenyewe aiache mahali salama, mbali na watoto.

Ndugu zangu, hatujifunzi Kiingereza ili tukidharau Kiswahili. Tunajifunza ili karatasi isitupite, na chupa isitudanganye. Lugha ni kubwa na maneno ni mengi, lakini maneno haya kumi ni malango. Ukiyajua, sentensi ndefu haitakutisha tena. Utalitafuta neno dogo, na hapo utakuta sharti.

 Mwenye swali asimame aulize.